Ningu Hapandi Ngazi

Katikati ya Aprili nilisimama karibu na daraja la Simiyu, upande wa Magu, kwa mama mmoja aliyekuwa ametega beseni la bluu juu ya kreti ya soda. Ndani mlikuwa na sato wanne, kambare aliyekuwa bado anapigapiga mkia, na samaki mmoja wa rangi ya majivu yenye ukijani, tumbo limejaa, mdomo umeelekea chini kana kwamba analamba mawe. "Huyo ningu, kaka. Wa mvua," mama akasema. Bei ilinichoma kidogo, lakini nikalipa. Nyumbani tulipompasua tukakuta tumbo zima ni mayai, punje ndogo ndogo zilizobanana hadi zimesukuma utumbo pembeni. Mke wangu akayakaanga na kitunguu. Yalikuwa matamu, na sitajifanya kwamba nilijuta huku nakula.

Nilijuta kesho yake, nilipojiuliza ningu aliyejaa mayai mwezi wa nne alikuwa anafanya nini pale darajani. Si kwamba anaishi pale. Alikuwa safarini.

Mwanza tukisema samaki tunamaanisha sangara, sato na dagaa. Hao ndio wanaojaza Mwaloni pale Kirumba, ndio wanaozungumzwa bungeni, na bondo la sangara limejengea watu nyumba. Wote watatu hawauhitaji mto ili wazaliane. Sangara na dagaa hutaga humuhumu ziwani. Sato dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, na jike huyabeba mayai mdomoni. Kwa hiyo mtu akituambia habari za bwawa la umeme kwenye mto fulani, tunauliza megawati ngapi na umeme utafika lini. Habari za samaki tunaona ni za watu wengine.

Lakini ziwa hili lina kundi jingine. Ningu, kuyu, nembe, na kwa namna yake kambare, hufuata mafuriko. Mvua ikishika kule juu, maji ya mto huanza kubadilika rangi na kupanda, na harufu ya udongo huingia ziwani. Ningu waliokuwa wamejikusanya mdomoni mwa mto huingia kwa makundi na kupanda wakipingana na mkondo. Hawaendi kutaga chini ya jiwe lolote tu. Wanatafuta mbuga iliyofurika, majani yaliyozama siku mbili tatu zilizopita, mahali ambapo maji ni mapya, vuguvugu, na yamejaa chakula cha vifaranga. Humo mayai huanguliwa haraka, na wadogo hukimbizana na wakati: maji yakianza kurudi mtoni nao lazima warudi, la sivyo kunguru na korongo wanafanya karamu.

Zingatia hapo. Safari ina vipande vitatu: kupanda, kukuta mbuga imefurika, na kushuka. Kikikatika kimoja, viwili vilivyobaki havina kazi.

Mzee mmoja, bwana samaki mstaafu anayeishi Nyegezi, aliniambia kwamba enzi zake wavuvi wa Magu hawakuhitaji taarifa ya hali ya hewa. "Radi ikilia Bariadi, kijana wangu, makila yanashushwa mdomoni mwa mto." Makila ni nyavu za kutandaza majini, ambazo samaki hunasa akijaribu kupita. Nikamuuliza kama waliwaza kwamba wanafunga mlango wa uzazi. Akacheka. "Tuliwaza hela."

Hiyo ndiyo sehemu ya habari ambayo watetezi wa mito hawapendi kuisema, nami naona ni lazima isemwe kwanza. Ningu hakumalizwa na zege. Katika miaka ya 1920, utafiti mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hili ulipofanywa (1927 na 1928), ningu alikuwa bado samaki wa maana sana kwenye mito inayoingia ziwani. Wavuvi wa mitoni walimkamata kwa uzio wa matete na migono, na walikamata wengi, ila mafuriko yakizidi nguvu yaliubeba uzio wote na samaki wakapita. Makila hayabebwi kirahisi hivyo. Yalipotandazwa kwenye midomo ya mito, kisha yakaja ya nailoni, uvuvi wa ningu uliporomoka kabla hata ya miaka ya 1960 kwisha. Sangara alikuwa hajashika ziwa bado. Kishindo chake kilikuja miaka ya 1980. Leo ningu, ambaye hapatikani popote duniani nje ya bonde hili la Ziwa Victoria, amo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Watu wa miradi ya umeme wakisikia hivyo huwa wanapumua. "Unaona? Wavuvi ndio waliommaliza." Mimi nasoma hesabu hiyo kinyume. Nyavu zimetuonyesha jinsi samaki wa safari anavyokufa: huna haja ya kumfuata kila mahali, unamngojea pale njia inapobana, kwenye wiki chache anazolazimika kupita. Ukuta wa bwawa ni kitu kilekile, isipokuwa haukunjwi wala haukamatwi na doria. Na mgonjwa aliyeponea malaria mara ya kwanza si wa kumwambia ya pili haitamdhuru.

Tuangalie basi bwawa linafanya nini hasa, maana mjadala mwingi unaishia kwenye ukuta.

Ukuta ni rahisi kuuelewa. Anayetoka chini hapiti. Nyuma ya ukuta, mto unageuka ziwa: mkondo unakufa, tope linatua chini, na kifaranga aliyezoea kubebwa na maji anajikuta kwenye maji yasiyokwenda popote, amezungukwa na wakubwa wenye njaa. Akifanikiwa kufika kwenye lango, anaingia kwenye mtambo. Watu hudhani hatari ya mle ni mapanga yanayozunguka. Mapanga yanaua, ndiyo, lakini watu wa Mwanza wataelewa haraka hatari ya pili kwa sababu tunajua bondo. Bondo ni mfuko wa hewa. Samaki akipita mtamboni, mgandamizo wa maji unashuka ghafla, hewa iliyomo bondoni inatanuka kwa kishindo, na bondo linapasuka au kusukuma viungo vingine. Samaki anatokea upande wa pili mzima kwa nje, kisha anaelea.

Halafu kuna saa. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote nilipoanza kulifuatilia. Kituo chenye uwezo wa kuhifadhi maji hupenda kuyabana wakati ambao watu hawatumii umeme na kuyaachia jioni, taa, pasi na runinga zinapowashwa kwa mpigo. Chini ya kituo mto unapanda saa moja usiku na kushuka alfajiri, kila siku. Weka hapo ningu aliyetaga kwenye majani ya ukingoni wakati maji yamepanda. Asubuhi mayai yako juu ya majani makavu, jua linakuja. Hakuna ukuta uliomzuia, hakuna mtambo uliompasua. Ameuawa na ratiba ya umeme.

Mbaya zaidi, bwawa kubwa hufanya kazi yake vizuri pale linapofuta mafuriko. Linameza maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa mhandisi hilo ni fanikio. Kwa samaki anayezaa kwenye mbuga iliyofurika ni sawa na kufuta msimu.

Dawa inayotajwa haraka ni ngazi ya samaki: mfululizo wa vidimbwi vinavyopanda pembeni mwa ukuta, samaki aruke kutoka kimoja hadi kingine. Ilijipatia jina Marekani kwenye mto Columbia. Bwawa la Bonneville lilikuwa nayo tangu lilipoanza kazi mwaka 1938, na samoni wakapanda. Bwawa la Grand Coulee, juu zaidi kwenye mto huohuo, halikuwekewa, na samoni wakafungiwa nje ya sehemu yote ya juu. Hata palipo na ngazi, kazi ya kushuka imebaki mzigo. Wamarekani wamefika mahali pa kuwapakia watoto wa samoni kwenye matishari na malori ili wayapite mabwawa. Nafikiria malori ya ningu kwenye barabara ya Musoma, askari wa usalama barabarani anauliza kibali cha mzigo.

Ila samoni ni mrukaji hodari, na anakokwenda kutaga ni kwenye changarawe ya maji baridi. Ukimpa njia umempa karibu kila kitu. Ningu ukimpa njia bila mbuga iliyofurika umempeleka stendi isiyo na basi. Thailand walijifunza hili kwa gharama. Bwawa la Pak Mun, megawati 136, lilikamilika mwaka 1994 kwenye mto Mun unaomwaga maji Mekong. Lilijengewa ngazi. Samaki wa Mekong, ambao ni wa aina nyingi mno na wengi wao ni jamaa wa mbali wa ningu na kuyu, wengi hawakuipanda. Wanavijiji waliandamana kwa miaka. Mwaka 2001 serikali ikakubali kufungua malango yote kwa mwaka mmoja wa majaribio, na samaki waliokuwa wamepotea wakaanza kuonekana tena juu ya ukuta. Ngazi haikuguswa. Kilichobadilika ni lango.

Kwa hiyo mtu akiniambia mradi wake una ngazi ya samaki, sisumbuki kumuuliza ina vidimbwi vingapi. Namuuliza lango linafunguliwa lini.

Tuje kwetu. Mito inayoingia ziwani haijajaa mabwawa ya umeme, na hiyo ni bahati yetu. Kenya wana Sondu-Miriu, megawati 60, tangu 2008. Kule hawakujenga bwawa kubwa. Walikinga mto na kuyapitisha maji kwenye handaki la zaidi ya kilomita sita hadi mitamboni. Tatizo la mpango wa aina hiyo ni kipande cha mto kinachorukwa: maji yameenda handakini, mto wenyewe umebakishiwa kiasi. Watanzania tunalijua vizuri tatizo hilo kutoka Kihansi. Pale maji yalihamishwa kutoka kwenye maporomoko kwenda kwenye kituo cha megawati 180, rasharasha ikapungua, na chura mdogo aliyeishi kwenye rasharasha hiyo, aliyegunduliwa mwaka 1996 tu, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Tukamrudisha kutoka kwenye bustani za wanyama za Marekani. Watu walitania sana wakati ule kwamba nchi inakosa umeme kwa ajili ya chura. Chura hakuwa anadai umeme wote, alidai rasharasha.

Kwenye mto Kagera, mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, kuna Rusumo: megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa maoni yangu Rusumo si mahali pabaya sana pa kujenga, kwa sababu maporomoko yalikuwapo kabla ya zege na kituo kinatumia maji yanavyokuja. Ukiweka ukuta mahali ambapo Mungu alishaweka ukuta, umeongeza dhambi ndogo. Wasiwasi wangu uko chini zaidi, Kakono, mkoani Kagera, mradi wa megawati 87.8 ambao umekuwa kwenye mipango ya TANESCO kwa miaka mingi. Huko mto umekaribia ziwa, na anayetoka ziwani anaukuta ukuta wa Kakono mapema kuliko wa Rusumo.

Sisemi Kakono usijengwe. Kagera imekaa miaka mingi ikitegemea umeme kutoka Uganda, na mtu wa Bukoba anayepikia gizani hahitaji kusomewa habari za ningu na mtu wa Mwanza mwenye friji. Wala sitasahau kwamba viwanda vya minofu na barafu ya mialoni vinakula umeme huohuo. Ninachosema ni kwamba hesabu ya nchi imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Kakono yote haifikii nusu ya mashine moja. Nchi yenye uwezo huo inaweza kuvumilia kituo kidogo kipunguze uzalishaji wiki chache za mafuriko ya kwanza ili maji yapite na mbuga zifurike. Miaka kumi iliyopita ombi hilo lingekuwa utani.

Na si jambo jipya kumwambia mwenye bwawa aachie maji kama mto ungeyaachia. Tunaishi juu ya mfano wake. Mwaka 1862 John Hanning Speke, yuleyule aliyeliona ziwa hili kwa mara ya kwanza hapa Mwanza mwaka 1858 na ghuba yetu ikabeba jina lake, alifika ziwa linapotokea Nile, kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon. Aliandika kwamba aliona samaki kwa maelfu wakiyarukia maporomoko kwa nguvu zao zote, na wavuvi wamepanda mawe na ndoano zao. Maporomoko hayo hayapo. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilizinduliwa Jinja, Uganda, na kuyazamisha. Tangu hapo ziwa zima, kilomita za mraba 68,800, lina bomba lenye koki.

Sasa angalia. Misri ilikuwa na wasiwasi na koki hiyo, kwa hiyo yakawekwa makubaliano: Jinja itatoa maji kulingana na kimo cha ziwa, kwa kiasi kilekile ambacho maporomoko yangetoa kama bwawa lisingekuwapo. Kuna mchoro wa hesabu hiyo, na wahandisi wanaujua kwa moyo. Kati ya 2004 na 2006, ukame ulipogongana na mitambo iliyotoa maji kupita mchoro, ziwa lilishuka hadi tukaona mawe ambayo wazee walikuwa wameyasahau, na maji ya kina kifupi anakochimba viota sato yakawa nchi kavu. Hata huyo asiyehitaji mto, kumbe anaihitaji koki iwe na adabu.

Mkubwa wa chini akilalamika, bwawa linaandikiwa kuiga mto. Samaki wa juu hana ubalozi.

Tanzania tunayo sheria. Ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka maji ya akiba yatengwe kwa mahitaji ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapahapa Mwanza. Hofu yangu ni kwamba akiba ikija kwenye karatasi za mradi hugeuka namba moja: mita za ujazo kadhaa kwa sekunde, Januari hadi Desemba. Namba hiyo inazuia mto usikauke. Haimwambii ningu kwamba masika yamefika. Samaki huyu hasomi kiwango cha chini; anasoma kupanda kwa maji, tope lake na muda yanaokaa. Kibali cha Kakono kikiandika namba tu bila tarehe na bila umbo la mafuriko, ngazi hata ikiwekwa marumaru itakuwa pambo.

Litakuja pia jibu la kwamba bwawa huzaa samaki wake. Ni kweli. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojaa mwishoni mwa miaka ya 1960, perege walizaliana hadi wavuvi wakahamia kutoka mikoa ya mbali, kisha baada ya miaka michache mavuno yakaanguka sana. Mtera nako kuna wavuvi hadi leo. Hao ni samaki wa maji yaliyotulia, na wanakaribishwa sufuriani kwangu muda wowote. Ila kusema perege wa bwawani anamlipa ningu ni kama kumwambia mfugaji aliyeibiwa ng'ombe kwamba jirani yake ana kuku.

Simiyu hauna bwawa la umeme. Hapo hatuna wa kumsingizia. Nyavu za timba na kokoro zimepigwa marufuku na bado zinaingia majini usiku. Majaruba ya mpunga yamekula sehemu ya mbuga zilizokuwa zikifurika. Na makila halali kabisa, ya matundu halali, yakitandazwa mdomoni mwa mto wiki ya kwanza ya masika yanafanya kazi ya ukuta wa Kakono bila kuzalisha hata wati moja. BMU za pale, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, zingeweza kuufunga mdomo wa mto kwa wavuvi wiki tatu kwa mwaka. Nilimwuliza yule mzee wa Nyegezi kama wavuvi wangekubali. "Wiki tatu watakubali," akasema. "Shida ni nani atakayewaambia zinaanza lini. Siku hizi hakuna anayesikiliza radi, wote mnaangalia simu."

Nilirudi darajani mapema Mei. Mama yuleyule, beseni lilelile, na ningu wawili, matumbo yamevimba. Nikamwambia sichukui wenye mayai. Akanitazama kama mtu aliyeingia hotelini akakataa ugali.

"Sasa kaka, msimu huu asiye na mayai nimtoe wapi?"

Nikachukua sato wa kizimba, kilo moja na nusu. Nilipokuwa nawasha pikipiki akasimama mwalimu mmoja na begi lake, akachukua ningu wote wawili.